Maneno ya siri ya watu zaidi ya 600 yako kwenye daftari langu

Ndugu Mhariri,

Jumatatu iliyopita sijamaliza hata kufagia kibaraza, mama mmoja wa upande wa Kitangari alikuwa ameshaketi kwenye benchi langu. Alitoka kwao alfajiri kwa bodaboda. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga karatasi tatu na kadi mbili. Akazifungua mezani kwangu moja baada ya nyingine, kila moja akiinyoosha kwa kiganja kabla ya kushika inayofuata. Hela yake ya korosho za mnada wa pili ilikuwa haijaingia. Majirani zake waliopeleka mzigo siku ile ile, ghala lile lile, walishalipwa. Alikokwenda kuuliza aliambiwa aende steshenari "wakamrekebishie kwenye mfumo".

Nikazisoma. Kwenye karatasi ya kwanza jina lake linaanza na Kh. Kwenye ya pili linaanza na H. Kwenye kadi linaanza na A, kwa sababu huku kwetu wengi hiyo h hatuitamki, na karani aliandika alichokisikia. Jina la baba yake hapa lina i mwishoni, pale halina. Kijijini kwake hakuna asiyemjua, mikorosho yake aliachiwa na marehemu mama yake na mipaka yake inajulikana mti kwa mti. Lakini kwa kompyuta hao ni wanawake watatu, na hata mmoja wao hawezi kulipwa.

Nilipomweleza akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, kwani hao hawajuani?"

Sitaji ofisi yoyote, maana sioni kwamba kosa ni la ofisi moja. Ukiitazama kila ofisi peke yake, imefanya kazi yake: imeandika jina, imegonga muhuri, imefunga faili. Shida iko katikati ya ofisi na ofisi, pale ambapo hakuna aliyekabidhiwa. Hapo katikati ndipo ninapofanyia kazi mimi, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nina steshenari karibu na stendi ya Newala tangu 2014. Nilianza na mashine moja ya kopi, kamera ya picha za pasipoti na maboksi mawili ya bahasha. Siku hizi kopi ni kazi ya pembeni. Watu wanakuja kutolewa kontrol namba za kulipia serikalini, kuomba TIN, ile namba ya mlipakodi, kuhakiki cheti cha kuzaliwa, kuomba mkopo wa chuo, kuomba ajira, kukata leseni ya biashara, kubadilisha tahasusi za watoto waliomaliza kidato cha nne. Kwa mtu wa Newala, dirisha la serikali ni meza yangu na meza za wenzangu wachache hapa stendi. Hatukuajiriwa wala kufundishwa, na hakuna aliyetuapisha. Tulijifunza kwa kubonyeza, kukosea na kurudia, na makosa mengine yaliwaumiza watu.

Haki isemwe kwanza. Kabla ya mfumo wa malipo ya serikali, ule wa GePG ulioanza 2017, nilikuwa nawaona wazazi wakihangaika na stakabadhi za benki. Baba anauza korosho, anapanga foleni benki, anajaza karatasi, anaipa kondakta wa basi aifikishe chuoni kwa mtoto. Karatasi ikipotea njiani, na hela ni kama imepotea, mpaka asafiri mwenyewe kwenda kuthibitisha. Leo analipa kwa simu akiwa shambani na ujumbe unarudi palepale. Mnadani nako mambo yamebadilika. Zamani tulingoja bahasha zilizofungwa zifunguliwe. Tangu msimu wa 2024/2025 wanunuzi wanashindana kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, na wakulima waliokusanyika wanaziona bei. Sisi tulioishi huku kabla ya stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mzigo ghalani na kupewa risiti mpaka uuzwe mnadani, kuanza kwenye korosho 2007 tunajua kangomba, ule ununuzi wa kiholela, ilivyowala wazee wetu, gunia likipimwa kwa kopo la mnunuzi mwenyewe. Kwa hiyo mimi si adui wa kompyuta. Ndiyo inayosomesha wanangu.

Tena nimeona kwa macho yangu kinachotokea taasisi zikijuana. Mtoto anayeomba chuo anaandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yake yanavutwa kutoka Baraza la Mitihani. Hakuna kopi ya cheti, hakuna kubishana kuhusu herufi. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimwita mume wangu kutoka uani aje aangalie. TIN nayo, ukiweka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, taarifa za mtu zinajileta. Kazi iliyokuwa ikila siku nzima na nauli ya kwenda Mtwara mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, inakwisha mteja akiwa bado ameshika soda yake mkononi.

Sasa kama hilo linawezekana, kwa nini mama wa Kitangari awe tarishi wa majina yake mwenyewe? Orodha ya mambo anayotakiwa kufanya nimemwandikia kwa mkono, kwa herufi kubwa, ili mjukuu wake amsomee. Aende kwa mtendaji wa kijiji akapate barua ya kumtambulisha. Aende kwa wakili akaape kwamba majina yote matatu ni ya kwake. Apeleke kiapo chama cha msingi, kisha benki, kisha arudi kwangu. Kila safari ya kuja mjini na kurudi ni shilingi 10,000. Anatafuta hela yake kwa hela asiyokuwa nayo, tena msimu wenyewe ndio huu, korosho nyingine ziko chini ya miti zinamsubiri aokote kabla mvua haijashika.

Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, na Mamlaka ya Serikali Mtandao imeshajenga mfumo wa taasisi kubadilishana taarifa. Daraja lipo. Ila halijafika kwenye daftari la karani wa chama cha msingi, na huko ndiko jina la mkulima linakoandikwa kwa mara ya kwanza, kwa kalamu, kwenye mwanga hafifu wa ghala, foleni ikiwa inasukumana. Herufi ikikosewa pale, inapanda ngazi kwa ngazi, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyokuwa ngumu kuifuta.

Kijana wangu anayesoma chuo alinieleza habari za Estonia, kanchi kadogo ka huko Ulaya. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 katika Mkoa wa Mtwara. Estonia nzima haifikii idadi hiyo. Tangu 2001 wana mfumo unaoitwa X-Road unaounganisha ofisi zao, na ofisi hairuhusiwi kufungua kanzidata nyingine ya kukusanya jambo ambalo ofisi mwenzake analo tayari. Mwananchi anaweza pia kuingia akaona ni nani aliyezifungua taarifa zake. Hilo la mwisho ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu ya jambo ninalotaka kulisema sasa, ambalo linaninyima usingizi.

Ninalo daftari. Ni kaunta buku nene la jalada jeusi. Nimelichora mistari kwa rula: jina, namba ya simu, barua pepe, neno la siri, huduma aliyoomba, tarehe. Kuna watu zaidi ya 600 humo. Halikuanza kwa nia mbaya. Mfumo unataka barua pepe, na mkulima wa miaka 60 kutoka Mkunya hana barua pepe, wala maishani mwake haijawahi kumpungukia. Namfungulia. Mfumo unataka neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Namtengenezea, namwandikia kwenye kikaratasi, namwambia akitunze. Baada ya mwezi anarudi, kikaratasi kimefuliwa pamoja na shati. Tunaanza upya, na kuanza upya mara nyingi kunataka ujumbe utumwe kwenye namba ya simu ambayo naye hanayo tena. Basi mara ya pili ananiambia, "Niwekee wewe." Wakaniambia hivyo kumi, wakaniambia hivyo mia, na leo mimi, mwanamke wa stendi ambaye hakuna ofisi inayomjua, ndiye ninayeshika funguo za watu wa kata kadhaa.

Wasiokuwa na simu niliwawekea namba yangu. Mwaka juzi kijana mmoja aliomba kazi serikalini kupitia kwangu. Alikuwa mtoto mwenye bidii, alikuja mara nne kuhakikisha kila kiambatisho kimekaa sawa. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili ulikuja nikiwa msibani Masasi, simu imeisha chaji na umeme umekatika. Nilipoiwasha, usaili ulikuwa umepita kwa siku mbili. Nilikwenda kwao mwenyewe, kwa miguu, kumwambia. Baba yake alinipa kigoda na maji ya kunywa. Mji mzima hakuna aliyenigombeza. Bora wangenigombeza.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Niliisoma kwenye simu kwa usiku mbili. Kwa nilivyoielewa, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asajiliwe, azikusanye kwa kusudi linalojulikana na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Basi mkusanyaji ni mimi. Nimenunua sanduku la chuma lenye kufuli, daftari linalala humo na ufunguo naufunga kwenye ncha ya mtandio. Ndio ulinzi nilionao. Siku nikiugua, siku nikiibiwa, au siku duka likishika moto kama yalivyoshika maduka ya wenzetu, sijui nitawaambia nini wale watu.

Kuna watu wanatuita vishoka. Sikatai kwamba wapo wanaowauzia wanyonge hata fomu ya bure, na mimi mwenyewe nawajua. Lakini ukitufungia wote leo, kesho asubuhi yule mzee wa Mkunya ataenda wapi? Ninachoomba ni tutambuliwe, tusajiliwe, tufundishwe, na tupewe mlango wetu wenyewe wa kuingilia. Tazama wakala wa pesa za simu. M-Pesa ilipoingia nchini 2008, watu walisema bibi wa kijijini hataiweza. Leo bibi anatoa hela kwa wakala, na wakala hajui namba yake ya siri. Wakala ana akaunti yake, mteja ana yake, na kinachofanyika kinaandikwa: kwa wakala gani, saa ngapi, kiasi gani. Likitokea la kutokea, anajulikana wa kuulizwa. Kwa nini maombi ya cheti cha kuzaliwa yasiende hivyo? Mimi niingie kwa jina langu, mteja akubali kwa ujumbe kwenye simu yake au kwa kidole chake kama hana simu, na pale chini paandikwe kwamba amesaidiwa na fulani wa stendi ya Newala. Siku hiyo nitalichoma daftari langu mbele ya mashahidi. Rwanda, mfumo wao wa Irembo ulioanza 2015 unafanya kazi na mawakala waliotambuliwa mpaka vijijini, kwa hiyo siombi jambo ambalo Afrika haijaliona.

Ila hata mlango huo, nasihi usitengenezwe bila sisi. Mara nyingi watu wa mifumo wakifika huku wanakuja kutufundisha kitu ambacho kimeshakamilika. Tunaitwa ukumbini, tunaonyeshwa ukutani pa kubonyeza, tunapiga picha ya pamoja, wanaondoka na gari kabla ya jioni. Tukiuliza swali linaloonyesha kwamba kitu hakijakaa sawa tunajibiwa kwamba litafikishwa. Nawaheshimu, ni vijana wenye akili sana, lakini kuna mambo ambayo huwezi kuyajua kama hujakaa kwenye lile benchi.

Tarehe ya kuzaliwa, kwa mfano. Mzee anakwambia alizaliwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakati wa kupalilia. Mwingine mama yake alikuwa na mimba yake walipohamishwa kwenye kijiji cha ujamaa. Hizo ni kumbukumbu nzuri kabisa, zina mwaka na zina majira. Mfumo unataka siku na mwezi, ukiacha wazi hausogei. Basi sisi huwa tunaweka Julai Mosi. Ukifungua daftari langu utadhani wazee wa Newala walizaliwa siku moja. Kumbe mwenzangu wa duka la pili yeye huweka Januari Mosi, na ofisi nyingine karani wake ana siku yake. Mzee yule yule anapofika mahali pa tatu, tarehe hazilingani, na anaambiwa hizi si zake. Angekuwepo mtu mmoja wa huku wakati fomu ile inachorwa, angesema: wekeni nafasi ya mwaka peke yake. Ni mstari mmoja tu.

Na lugha. Mifumo kadhaa bado inazungumza Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, kwa watu ambao shule yao ya msingi ilikuwa ya Kiswahili, na wengine kabla ya Kiswahili wana Kimakonde chao. Mtu anayeshindwa kusoma kinachoulizwa hawezi kujua kama nimejibu kweli au nimejaza nionavyo. Anaamini tu. Imani ya namna hiyo ni mzigo mzito kuubeba.

Jambo jingine ni fomu kubadilishwa usiku. Nimewahi kufungua asubuhi ya siku ya mwisho ya maombi, vijana 30 wako nje, nakuta ukurasa si ule wa jana na kuna kiambatisho kipya kinachotakiwa. Hakuna aliyetuambia. Saba kati ya vijana wale walitoka vijiji vya bondeni kuelekea mto Ruvuma, kurudi kufuata hiyo karatasi na kuwahi tena ilikuwa haiwezekani. Wangekuwa na namba zetu za simu wale wanaobadilisha, ujumbe mmoja wa siku tatu kabla ungetosha.

Kuhusu mtandao wenyewe sitasema mengi, kila mtu anajua. Minara inaongezeka, mkataba wa minara 758 uliosainiwa Mei 2023 umetajwa sana, na kuna vijiji ambako sasa simu inashika mahali ambapo zamani watu walikwea mti kuutafuta mtandao. Ila Mei 2024 ilinifundisha kitu. Kimbunga Hidaya kilipita tarehe 4, barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, mabasi yakasimama siku kadhaa na bahasha za watu zikakaa njiani. Barabara haijatulia, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikalala. Kwa karatasi hatupiti, kwa mtandao hatupiti. Nilikaa na kalamu nikawa naandika maombi ya watu kwenye madaftari, jina kwa jina, na mtandao uliporudi nilikesha kuyaingiza, nikaona wengine muda wao umefungwa. Mfumo unaojua kwamba nchi ina vimbunga ungekubali maombi yahifadhiwe kwenye kompyuta yangu na yaende yenyewe mtandao ukirudi, yakiwa na tarehe ya siku niliyoyajaza.

Nisije nikaonekana naota. Upo mfano ambao nimeuona ukifanya kazi, tena huku huku kusini. Zamani kumwandikisha mtoto mchanga ilikuwa lazima uje makao makuu ya wilaya, ulipe, uondoke, urudi kuchukua cheti. Wengi hawakurudi, na ndio hao ninaowahangaikia leo wakiwa na miaka 19 wanataka mkopo wa chuo. RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, wakaja na utaratibu mwingine kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wakiwa pamoja na TAMISEMI, Wizara ya Afya, UNICEF na kampuni ya simu. Ulianzia Mbeya 2013, ukasambaa mkoa kwa mkoa hadi ukatufikia. Shemeji yangu ni muuguzi wa zahanati, nimemwona akifanya. Mama amekuja kliniki na mtoto mgongoni. Shemeji anaandika cheti kwa mkono, anazituma taarifa kwa simu, na mama anaondoka na cheti chake bila kulipa. Kabla hajaandika humwuliza mama: "Jina lake mnaliandikaje nyumbani?" Mama akishindwa, wanalitamka pamoja mara mbili tatu, kisha ndipo kalamu inashuka.

Simu aliyopewa ni ya kawaida. Kilichobadilisha mambo ni kwamba wakubwa walikubali kuachia mamlaka ya kuandikisha yashuke mpaka kwa muuguzi na kwa mtendaji wa kata, na wizara ambazo kila moja ina mlango wake zikakubali kuutumia mlango mmoja, ule ambao mama alikuwa anaupitia hata hivyo. Hakuna aliyemwambia mama aje kwenye mfumo. Mfumo ulimfuata kliniki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika, hasa wakati huu ambapo tunasikia habari za namba moja ya mtu ya kutumika kwenye huduma zote, ni kwamba mkulima wa korosho afuatwe ghalani kama mtoto alivyofuatwa kliniki. Karani wa chama cha msingi apewe uwezo wa kuweka namba ya NIDA ya mkulima na jina litokee lenyewe, badala ya kuliandika kwa kusikia. Wale ambao majina yao yameshagongana, warekebishiwe kijijini siku moja, mtendaji, mtu wa chama, mtu wa benki na mtu wa vitambulisho wakiwa wamekaa meza moja chini ya mwembe mmoja, kabla msimu haujafunguliwa. Haizidi siku moja kwa kijiji. Kiapo kimoja, kikubalike kote. Na kabla ya kununua mfumo mwingine mpya, waitwe wanaoutumia ule wa zamani: karani, muuguzi, mtendaji, mkulima mwenyewe, na sisi wa stendi. Waitwe wakati karatasi bado ni nyeupe.

Mama wa Kitangari atarudi Alhamisi na barua ya mtendaji. Karatasi zake tatu na kadi zake mbili nimemwekea kwenye bahasha ya plastiki ili zisilowe, mvua za kwanza zimeshaanza kunukia. Kama yupo mhandisi wa mifumo ya serikali, au afisa yeyote anayesoma barua hii, namwalika aje akae nami wiki moja ya msimu, asiseme yeye ni nani, asikilize tu. Ukishuka stendi ya Newala uliza steshenari yenye mlango wa bluu. Nafungua saa moja na nusu asubuhi, na saa hiyo benchi huwa limeshajaa, lakini nafasi tutampatia.

Mwenye steshenari,
Stendi ya Newala, Mtwara